Sufuria ya Akika

Daktari Filda Adoch alinyamaza katikati ya neno. Mkono wake, uliokuwa ukizunguka hewani kuonyesha jinsi maji yalivyochemshwa kule maabara, ulisimama hapo hapo. Macho yake yalikuwa jikoni, kwenye moto.

Zahara hakugeuka mara moja. Alikuwa anakamulia ukwaju kwenye mchuzi, na hiyo si kazi ya kuachia katikati. "Endelea, Daktari. Mlitia maji makali kama siki, mkachemsha. Halafu?"

Hakujibiwa.

Zahara alivijua vimya vya wasomi. Kazi yake ilikuwa kuwachukua watu wenye shahada tatu na kuwafanya waseme jambo likaeleweka na mtu asiye na hata moja. Yeye mwenyewe alikuwa na stashahada ya uandishi wa habari, mtoto mmoja, na subira isiyozidi kijiko. Walimjia kutoka chuo kikuu na kwenye taasisi za utafiti, kila wafadhili walipowabana waandike gazetini au waseme redioni, nao hawakujua waanzie wapi. Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, kompyuta inabaki sebuleni: mtafiti anaketi kwenye kigoda cha jikoni, hapo nyumbani kwake mtaa wa Kansanga, anaeleza utafiti wake huku mwenye nyumba akipika, na akitumia neno ambalo jirani aliyekuja kuazima chumvi hatalielewa, anaanza upya. Profesa mmoja wa mambo ya udongo alianza upya mpaka matoke yakaungua. La pili, andishi halitoki mpaka Zahara alisome kwa sauti mbele ya mtu linayemgusa zaidi. Akikunja uso, linarudi jikoni.

Kuna kimya cha mtu anayetafuta neno rahisi. Kuna kimya cha mtu aliyegundua kwamba hata yeye hakuwa anajielewa. Hiki kilikuwa kingine.

"Mama Naila," Filda alisema taratibu, "hiyo sufuria, nani aliitengeneza?"

"Shemeji yangu Junaid, mdogo wa mume wangu Maftah. Ana karakana Katwe, mtaa wa mafundi. Alituletea siku ya akika ya Naila." Zahara aliigonga ubavuni kwa mwiko, kwa fahari ya mazoea. "Jaribu kuinyanyua. Junaid husema sufuria za dukani ni karatasi, sufuria ya heshima lazima imchoshe anayeibeba. Siku ile wageni waliisifu kuliko mbuzi."

Filda hakucheka. Alikuwa binti wa askari, amekulia Mbuya kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kikavu. Ndiyo maana Zahara alimpenda tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana kipindi cha redio walichokuwa wanakitayarisha kilikuwa cha Kiswahili, cha familia za askari na mafundi na wachuuzi wa mjini. Lakini sasa Filda alikuwa anafungua na kufunga mdomo kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Aliyeyusha nini?"

"Vyuma. Nitajuaje mimi? Vyuma chakavu, kama wote..."

Hapo Zahara naye akaitazama sufuria.

Maana alikuwa ameambiwa sasa hivi, jikoni hapa hapa, kwa maneno aliyoyakamua mwenyewe moja moja. Kwamba baadhi ya mafundi, pamoja na vipande vya injini, hutia rejeta za magari za zamani zenye lehemu, na vile vizito vidogo vinavyobanwa kwenye rimu za magari ili tairi lisitetemeke. Kwamba humo mna madini ya risasi, yale yanayojaa kwenye betri za gari. Kwamba risasi haina harufu wala ladha. Kwamba ukichemsha maji matupu, hutoka kidogo. Lakini ukitia kitu kikali...

Ukwaju ulikuwa unamchuruzika mkononi, tone kwa tone, ndani ya sufuria.

Alizima gesi. Mchuzi uliendelea kutokota kidogo wenyewe, kisha ukatulia.

"Unapikia nini humo?" Filda aliuliza.

"Kila kitu."

"Na mtoto?"

"Uji wake."

"Wa maji tu?"

Zahara alitamani kusema ndiyo. Ukoo wao ulifika huku enzi za babu wa babu, na misafara ya biashara kutoka Pwani. Mengi walikuwa wameshayasahau, lakini ukali wa chakula hawakuusahau. "Wa ndimu," alisema. "Siku nyingine ukwaju. Kwetu uji bila ukali ni gundi. Naila anaunywa tangu alipoanza kula. Unachemkia humo humo na ndimu yake, kila asubuhi."

Filda alijikuna shingo. Halafu akaanza kusema haraka, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya jikoni. "Lazima tuzingatie kwamba sampuli yetu ilikuwa finyu, na tofauti baina ya vyanzo vya malighafi ni kubwa, kwa hiyo matokeo hayawezi kujumlishwa kwa..."

Siku nyingine yoyote Zahara angempigia meza. Leo aliyadaka maneno yale kama mtu anayezama anavyodaka jani.

"Kwa hiyo huenda hii yangu haina kitu."

"Huenda."

"Sema tena."

"Huenda haina, Mama Naila. Sufuria nyingi tulizopima hazikuwa na kiasi cha kutisha."

Miaka yote ya kazi yake Zahara alikuwa amefuta "huenda" za wasomi. Aliwaambia huo ni mlango wa uani, wanauacha wazi ili wakibanwa wakimbilie huko. Leo alikuwa amesimama kwenye mlango huo huo na hakutaka kuondoka hapo.

"Mtoto ana shida yoyote?" Filda aliuliza. Sasa hakuwa anakimbia tena.

Kulikuwa na lile tumbo. Naila, mwenye miaka mitano, alilalamikia tumbo tangu mwezi wa mfungo, wakampa dawa ya minyoo, likatulia, likarudi. Choo kilikuwa kigumu. Alikuwa amepauka midomo. Na mwalimu wake alikuwa amesema, kwa namna walimu wanavyosema jambo wakitazama pembeni, kwamba herufi alizozijua muhula uliopita sasa zinampotea. Maftah alisema ni uvivu. Zahara alisema ni katuni, akaficha rimoti.

Aliyasema yote hayo akiangalia sakafu. Alipomaliza, aliketi juu ya debe la mchele.

"Mlete kesho, tutoe damu," Filda alisema. Alichomoa kisu kwenye kapu la vyombo, akakwangua chembe za sufuria kwenye ukingo, akazifunga kwenye karatasi safi. Kwa miaka mingi alikuwa amekwangua sufuria za watu, lakini hakuwahi kukwangua moja ambayo mchuzi wake ulikuwa bado wa moto.

*

Majibu ya zile chembe, na ya damu ya Naila iliyotolewa kesho yake, yangechukua siku kadhaa. Mashine ilikuwa moja na foleni yake ndefu.

Zahara alimwaga mchuzi, akaifunga sufuria kwenye gunia, akaisukuma chini ya sinki. Haikusaidia. Kila akiingia jikoni alijua ilipo, kama mtu anayejua nyoka ameingia shimo gani. Alinunua sufuria nyepesi ya dukani. Asubuhi Naila alionja uji, akakunja uso.

"Huu si uji."

"Ni uji."

"Uji wangu ni ule wa sufuria ya baba mdogo. Huu ni wa hospitali."

Zahara aligeukia dirisha ili mtoto asimwone.

Maftah aliposikia habari hizo alikuwa dukani kwake, anapanga sabuni. Aliendelea kupanga. "Unataka kumwambia Junaid kwamba zawadi aliyomletea mtoto wetu ni sumu?"

"Sijamwambia mtu. Nasubiri majibu."

"Na redio?"

"Redioni hakuna jina la mtu, wala la mtaa."

"Zahara, wewe ni mtu wa mjini kweli? Ukisema sufuria za kumiminwa, nani hajui zinamiminwa wapi? Yule ana watoto wanaokula kwa hizo sufuria."

"Wangu pia amekula kwa hizo sufuria."

Maftah alirudi kwenye sabuni zake. Alikuwa mtu mpole, na hofu yake ilijitokeza kwa upande: jioni ile Zahara alimwona akimpa Naila maji kwenye glasi, baada ya kuiinua glasi hiyo kwenye mwanga, kuizungusha, na kuinusa. Yeye mwenyewe alikula mkate mkavu akasema hana njaa.

Ilibaki kuandika. Redio ilikuwa inasubiri, na Zahara hakujua namna nyingine ya kukaa na hofu zaidi ya kuifanyia kazi. Lakini kila sentensi aliyoandika ilitoka ikipiga yowe. "Tupeni sufuria zenu leo," ndivyo andishi lilivyoanza. Alimsomea Filda kwenye simu.

"Hapana," Filda alisema.

"Hapana nini? Ni fupi, inaeleweka."

"Inaeleweka, lakini ni uongo. Sio zote. Na mama mwenye sufuria moja akiitupa, atapikia nini, kiganja?"

"Sasa umeanza woga wenu wa kisomi."

"Sikiliza, nyabo, mama yangu. Mimi naogopa, kweli. Lakini hii siyo kuogopa. Nilichopima kina mwisho wake, na mimi naweza kusema mpaka hapo tu. Nikivuka, siku moja mtu atapima sufuria yake aikute safi, atasema yule daktari wa redio ni mwongo. Na siku hiyo mwenye sufuria mbaya atarudi kupikia yake."

Zahara alitaka kubisha, akakosa pa kushika. Alifuta mstari wa kwanza. Siku hiyo na iliyofuata waliandika pamoja kwa simu, neno kwa neno. Filda aliweka mipaka, Zahara akahakikisha kila mpaka unaonekana hata na aliye gizani. Katikati ya kazi hiyo Naila alikuja kumwegemea mama yake begani, akanyoosha kidole kwenye karatasi.

"Hiyo ni herufi gani?"

Zahara alimwambia. Ilikuwa N, ya jina lake.

*

Filda alipiga simu mchana, saa ya kutoka shule. Zahara alikuwa nje ya geti pamoja na akina mama wengine na waendesha boda waliokuja kuchukua watoto wa watu.

"Mama Naila, matokeo yametoka. Kiwango kimeonekana kuwa juu ya thamani ya rejea, ingawa tafsiri yake ya kiafya inategemea mambo kadhaa, ikiwemo muda wa..."

"Daktari."

"...muda wa mfiduo na hali ya lishe..."

"Filda. Keti kwenye kigoda."

Zahara aliketi kwenye ukingo wa barabara, vumbi na yote, na akina mama wakageuka kumtazama.

"Naila ana risasi kwenye damu," Filda alisema. "Ni nyingi. Siyo ya kumlaza hospitali, lakini ni nyingi. Sufuria nayo tumeikuta na risasi, nyingi kuliko zote nilizowahi kupima. Usipikie humo tena. Mpe maziwa, mboga za majani, maharage. Nitakupeleka kwa daktari wa watoto, atampa na dawa ya kuongeza damu. Damu yake itasafika polepole, tutakuwa tunampima."

"Na herufi?"

"Herufi?"

"Alizosahau. Zitarudi?"

Geti lilifunguliwa na watoto wakaanza kumwagika. Kwenye simu Zahara alisikia Filda akivuta pumzi.

"Sijui," Filda alisema. "Wengine hurudi sawa. Wengine hubaki nyuma kidogo. Wako atakuwa yupi, sijui, na yeyote atakayekwambia anajua anakudanganya."

Hilo "sijui" Zahara hakulifuta. Naila alikuwa anakuja, kamba za kiatu kimoja zimefunguka, begi linamburura. Mama yake aliinama kumfunga kiatu, na akachukua muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji.

*

Sharti la pili lilikuwa limebaki. Andishi la ndizi lilisomewa muuza ndizi, la mbu lilisomewa mama mwenye dimbwi uani. Hili lilikuwa na mtu mmoja tu wa kusomewa.

"Nitakwenda mimi," Maftah alisema.

"Wewe utalipaka asali. Kaa na mtoto."

Zahara alilibeba gunia la sufuria kifuani kama mtoto mchanga. Katwe ilikuwa inapigwa nyundo toka kila upande, mabati, milango, majiko, na moshi wa mpira uliochomwa ulikuwa chini chini, haupandi. Kila alipoona tanuru alifikiri ndilo la Junaid, na kila lilipokuwa si lenyewe alishukuru. Alijua anachokiogopa. Angeweza kufukuzwa. Maftah angeweza kupoteza ndugu kwa sababu ya karatasi moja. Na Junaid angeweza kucheka, akasema maneno ya vitabuni haya, shemeji, akaendelea kumimina. Hilo ndilo lilimtisha zaidi.

Junaid alikuwa anapepeta mchanga wa kalibu za kumiminia sufuria. Mke wake aliuza chai ng'ambo ya njia, kwa hiyo binti yao Husnah, wa miaka mitatu hivi, alishinda karakanani. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mchanga huo huo, akijaza kikombe na kukimwaga.

"Aa, shemeji," Junaid alisema, akaona umbo la sufuria kwenye gunia. "Umeileta nyumbani kwao? Imetoboka? Hiyo haitoboki, labda umegombana nayo."

"Haijatoboka."

"Basi majirani zako wa Kansanga wamekucheka. Wanataka zile nyepesi za Wachina, zinazoruka na upepo."

"Nimekuja kukusomea kitu. Kwa kazi yangu."

"Mimi? Nisomewe kama bwana harusi?" Alivuta kibao akaketi, akajifuta mikono kwenye aproni. "Soma. Ila nina moto unaoningoja."

Zahara alisoma. Sauti ilitaka kupanda, akaikalisha.

"Sufuria yako inang'aa, haina harufu, na chakula chake ni kitamu. Kama ilimiminwa kutoka kwenye vyuma chakavu, inaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake. Si kila sufuria inayo. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Mpaka ujue, usipikie humo vitu vikali: ndimu, ukwaju, nyanya. Usilaze chakula humo. Na uji wa mtoto usiupikie humo hata mara moja."

Junaid alikuwa bado anatabasamu, tabasamu lililosahauliwa usoni.

"Risasi humdhuru mtoto kabla ya mtu mzima. Mtoto mwenye tumbo lisilopona, anayepauka, anayesahau alichokuwa anakijua, mpeleke akapimwe damu. Nawe fundi, hakuna aliyekwambia, kwa hiyo tunakwambia. Usitie kwenye chungu chako cha kuyeyushia rejeta zenye lehemu wala vizito vya rimu. Mtoto wako asicheze..."

"Ngoja."

Zahara alingoja. Nyundo za jirani hazikungoja.

"Vizito vya rimu," Junaid alisema. "Nani aliwaambia habari ya vizito vya rimu?"

"Waliwauliza mafundi wengi. Hakuna aliyetajwa jina."

Alilitazama gunia. Hakuligusa. "Hiyo niliitia vingi kuliko nilivyowahi kutia. Mteja simtilii hivyo, ni gharama. Nilikuwa naviweka akiba, nikasema hivi ni vya akika, mtoto wa kaka. Ili iwe nzito." Aliinua macho. "Naila?"

"Iko kwenye damu yake."

Zahara alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Junaid hakutukana. Alitazama mikono yake, kiganja na mgongo wa kiganja, kama mtu aliyekabidhiwa mikono ya mwingine. Kisha macho yake yakaenda kwenye rundo la mchanga. Husnah alikuwa amekiweka mdomoni kile kikombe kitupu, akijifanya anakunywa chai, na midomo yake ilikuwa na ukingo mweusi.

"Husnah," aliita. Nyundo ziliimeza sauti yake. Aliruka kalibu mbili, akamnyakua mtoto kutoka kwenye mchanga, akampokonya kikombe akakitupa. Mtoto alianza kulia, akanyoosha mikono amkumbatie baba yake kama kawaida.

Junaid hakumkumbatia. Aproni yake ilikuwa na vumbi la miaka, shati pia, na hakuwa na kipande cha nguo safi cha kumwegeshea. Alimshika kwapani, mikono imenyooka mbele, mbali na kifua chake, mtoto akining'inia na kupiga miguu hewani.

"Shemeji," alisema, bila kumwondolea macho mtoto. "Nisomee tena pale pa watoto. Taratibu."